“Niko poa” iliyowarudisha njiani

Leo tunatoka kidogo huku kwetu ziwani tunakwenda kupanda mlima, lakini msiogope, mada ni ile ile ya mapenzi.

Hapa Kamunyonge kuna wachumba wawili. Majina nayahifadhi, maana Musoma yetu ni ndogo. Jamaa anauza spea za pikipiki, bibie ni fundi cherehani. Walipoanza kupanga harusi, jamaa akaja na wazo lake: kabla ya pete, kwanza picha ya pamoja pale Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Kijiwe kizima cha kahawa kikaangua kicheko. “Mura, wewe mlima wako ni Mukendo, baridi ile utaiweza?”

Jamaa akawajibu kwamba Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge kule juu, 9 Desemba 1961, nchi ilikuwa mikononi mwa mtu wa Butiama, kwa hiyo mlima ule na sisi watu wa Mara tuna haki nao. Hoja ikapita.

Wakadunduliza wote wawili miezi minane. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni, lakini mwongozaji ni lazima, wagumu wa kubeba mizigo walipwe, bado msosi na nguo za baridi za kukodi. Si mchezo!

Wakashika njia ya Marangu. Siku ya kwanza msituni hadi Mandara, mita 2,700 na kitu, stori na vicheko. Siku ya pili wakafika Horombo, mita 3,720. Ratiba yao ilikuwa na siku moja ya ziada hapo, ili mwili uzoee hewa nyepesi: unapanda kidogo mpaka kwenye mawe yenye mistari kama punda milia, halafu unarudi kulala pale pale. Msiidharau siku hiyo. Huku ziwani tunaishi mita 1,100 na ushee tu, na mapafu yetu yamezoea hivyo.

Basi asubuhi hiyo wakakaa kwenye ngazi za kibanda chao. Jua zuri, mawingu chini ya miguu. Jamaa yuko bize na simu, maana intaneti ilifikishwa Horombo mwaka 2022, anawarushia washikaji picha huku Kamunyonge. Bibie kashika sahani.

“Vipi, mpenzi?”

“Niko poa.”

Mwongozaji naye akapita. “Dada, mbona huli?”

“Nimeshiba kaka, niko poa.”

Waliomwumbua ni kunguru. Horombo kuna kunguru wakubwa wenye doa jeupe kisogoni, wezi balaa. Jamaa alipoinua macho kutoka kwenye simu akamwona mchumba wake anawamegea chakula chote kimya kimya. Mtoto wa kike aliyelelewa kwamba chakula hakichezewi! Simu ikawekwa chini. “Niambie ukweli.”

Machozi yakamtoka. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu jana, na usiku alitoka nje mara mbili kwenda kutapika peke yake gizani, asimwamshe mwenzake.

Mwongozaji hakutaka mjadala. Leo hakuna kupanda, akasema, ni kupumzika na kunywa maji. Lakini jioni bibie aliposimama kwenda msalani akayumba kama katoka kilabuni. Hapo mwongozaji akasema hatungoji asubuhi, tunashuka sasa hivi na tochi. Alikuwa sahihi. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii ujana wala mazoezi. Ukiupuuza, ubongo unaweza kuvimba au maji yakajaa mapafuni, na mtu akafa. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Bibie akamwambia mwenzake, “Wewe endelea, mwongozaji msaidizi atanishusha. Piga picha hata peke yako, hela isipotee.”

Jamaa akatazama juu, akatazama chini. Akafunga begi.

Walipofika Mandara kichwa kilikuwa kimeanza kuachia. Asubuhi bibie akanywa chai, akala mkate, halafu akaanza kulalama: miezi minane imekwenda na maji kwa ajili yake. Jamaa akamjibu, “Hela tutatafuta. Ningefika juu peke yangu, ile picha ningemwonyesha nani?”

Sasa huku kijiweni ni vita. Wako wanaosema jamaa ni bwege, angemwachia msaidizi akamalizie safari. Wengine wanasema ndiye mume wa kweli. Mimi naona wote wamekosa shabaha. Kushuka hakukuwa na ubishi wowote. Tatizo lilianza na lile neno “niko poa”.

Bibie alilisema kwa upendo, asiharibu furaha ya mwenzake. Lakini lilimnyima jamaa nafasi ya kumsaidia mapema, na lilitaka kumwondoa duniani. Na jamaa naye, kuuliza “vipi” huku macho yako kwenye simu si kuuliza. Ukitaka jibu la kweli, mwangalie mtu usoni, angalia na sahani yake.

Wangapi kati yetu tunaishi hivyo hivyo huku mjini? Kodi imekushinda, unasema niko poa. Mimba imeingia, niko poa. Mkwe kakutukana, niko poa. Mwenzako anazidi kupanda akidhani mko pamoja, kumbe wewe unamegea kunguru. Kila safari ndefu ina kituo cha kupumzika, na pale pa kupumzika ndipo pa kuambizana ukweli. Ukiusubirisha mpaka kileleni, hewa ya kusemea haipo.

Wachumba wetu wameanza kudunduliza tena. Safari hii wamewekeana sharti moja: neno “poa” ni marufuku mlimani.

Na wewe unayesoma hapa, mwenzako alikuambia “niko poa” mara ya mwisho lini? Nenda kamuulize tena, simu ikiwa mfukoni. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!