Mshahara Mmoja, Majiko Mawili: Hesabu ya Kuhamia Dodoma

Kila inapotoka orodha ya walioitwa kazini na Sekretarieti ya Ajira, hupokea ujumbe kutoka kwa vijana niliowahi kuwafundisha. Wengi huleta shukrani. Wachache huuliza: "Daktari, nimepangiwa Dodoma, familia iko Dar es Salaam, mshahara ndio huu. Niende?" Wanaowazunguka huwa wameshawajibu: nenda, kazi haikataliwi. Katika nchi ambayo ajira rasmi imekuwa adimu kiasi hiki, kijana aliyepata barua ya ajira huonekana hana adabu akishika kalamu na kupiga hesabu. Mimi nashikilia kwamba ana wajibu wa kuipiga, na kwamba hesabu ambayo wengi wetu huipiga, na ambayo mwajiri wetu mkuu naye huipiga, ni ya mtu mmoja ilhali anayehama ni kaya nzima.

Tuanze na fedha. Tuchukue mshahara wa kuanzia wa shilingi 800,000 kwa mwezi, kwa mfano tu. Mchango wa PSSSF wa asilimia 5 utaondoa 40,000. Kodi ya mapato juu ya 760,000 zinazobaki ni 68,000. Bodi ya Mikopo, kwa aliyesoma kwa mkopo, huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Bima ya afya ya asilimia 3 ni 24,000. Kinachofika mkononi ni shilingi 548,000, na hapo sijagusa ada ya chama cha wafanyakazi. Kijana huyu nyumbani kwao ameshatangazwa kuwa ni mtu wa laki nane, na wajomba wameanza kupanga foleni.

Sasa mke wake anauza genge Mbagala. Ameamua kumwacha huko "kwanza", mpaka mambo yatulie. Treni ya mwendokasi ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000. Akienda kila mwisho wa wiki, kwa wiki nne ametumia 248,000, na mkononi zimebaki 300,000 kamili. Kutokana na hizo atalipa pango la huku na la kule, umeme wa huku na wa kule, sukari ya huku na ya kule. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa aghalabu linaloponyoka ni lile la kule, kwa sababu la huku lina mkuu wa idara anayesaini mahudhurio. Atapunguza safari ziwe mbili kwa mwezi, kisha moja. Mtoto atamzoea baba wa kwenye simu.

Sisemi haya kuidharau reli. Kwa sisi tuliokuwa tukimaliza kutwa nzima ndani ya basi, kufika kwa saa tatu na nusu au nne ni jambo kubwa. Lakini nimekuwa nikiwatazama wasafiri wa Ijumaa alasiri wakikimbilia stesheni na mikoba yao midogo, na nimejiuliza kama usafiri huu unawasaidia kuhama au unawasaidia kutohama. Nadhani unafanya yote mawili. Umeifanya familia iliyogawanyika ivumilike, na jambo linalovumilika huweza kudumu miaka kumi bila mtu kuliamua.

Yapo pia malipo yasiyopita benki. Mkazi wa Chanika anayefanya kazi Posta hatashangaa nikisema saa mbili za kwenda na saa mbili za kurudi. Kwa siku 22 za kazi hizo ni saa 88, sawa na siku 11 za kazi za saa nane. Mtu huyo anafanya kazi mwezi mmoja na nusu ya mwezi mwingine analala wima ndani ya daladala. Ukigawa zile 548,000 kwa saa 176 za ofisini, kila saa ina thamani ya shilingi 3,100 na ushee. Ukiongeza saa za barabarani, inashuka hadi 2,100 hivi. Hapo ndipo Dodoma inapoweza kuwa neema isiyoandikwa katika barua ya ajira: anayepata chumba Ihumwa na ofisi yake ikiwa Mtumba amerudishiwa sehemu kubwa ya maisha yake, hata kama mshahara haukuongezeka senti.

Nimesema "inaweza", kwa sababu mji wenyewe haukujengwa kama ulivyofikiriwa. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, ilifuata kazi ya mpango mkuu wa mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango ule ulimtanguliza mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli na basi, na kulirudisha gari binafsi nyuma. Serikali ilipohama kwa kweli, baada ya agizo la Rais Magufuli la Julai 2016, wizara zilijengewa mji wao Mtumba, takribani kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Anayepanga Ilazo au Makole kwa kudhani kwamba Dodoma ni mji mdogo hugundua wiki ya kwanza kwamba ameiacha foleni ya Dar es Salaam na kujipa safari nyingine, yenye magari machache zaidi ya kuchagua. Wengi hukimbilia mkopo wa gari. Gari hilo huila tofauti yote ya pango waliyojipongeza nayo.

Na pango lenyewe halilipwi kama mshahara unavyolipwa. Mshahara huja mwezi kwa mwezi, mwenye nyumba hutaka miezi sita au mwaka mbele, na dalali hutaka chake kabla ya funguo. Muulize pia mwenye nyumba kuhusu maji. Huu ni mji wa nyanda kame, uliotegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi, na nyumba ya bei nafuu ambayo bomba lake hutoa maji mara moja kwa wiki si ya bei nafuu.

Nirudi kwenye lile genge la Mbagala, maana ndilo moyo wa jambo. Kanuni za utumishi zinamtambua anayehamishwa: kuna posho ya kujikimu, posho ya usumbufu, nauli ya familia na gharama za mizigo. Hata zikilipwa kwa wakati, na malimbikizo ya madai ya uhamisho ni kilio tunachokisikia kila Mei Mosi, zinalipwa mara moja. Lakini genge halipakiwi kwenye lori. Wateja wanaokopa Jumatatu na kulipa Jumamosi, kikoba cha akina mama, bibi anayebaki na mtoto bila malipo: vyote hivi ni kipato, ingawa havina hati ya malipo. Mke akihama navyo vinakufa, na kuvifufua Nzuguni huchukua mwaka au zaidi. Mwenza akiwa mtumishi wa umma, angalau upo uhamisho wa kumfuata mwenza. Mwenza asiye na mwajiri hana fomu ya kujaza.

Ndiyo maana naona serikali inapoteza kwa kuhesabu vichwa badala ya kaya. Tujiulize kwa nini vikao ambavyo kumbi za Dodoma zingevitosha hufanyika Dar es Salaam, tena kuelekea mwisho wa wiki. Sina haja ya kumnyooshea mtu kidole, na nakiri kwamba zipo safari za lazima. Hata hivyo, mtumishi mwenye majiko mawili na mshahara mmoja ana sababu nzuri mno ya kuiona safari ya kikazi kuwa ya lazima, na posho ya safari hiyo inatoka katika mfuko uleule uliobana fedha za kumhamisha. Mkopo wa pango usio na riba, unaokatwa mwezi kwa mwezi, pamoja na mabasi ya uhakika ya Mtumba asubuhi na alasiri, naamini vingegharimu kiasi kidogo kuliko vikao hivyo.

Kwa wanaoajiriwa na kampuni binafsi nina neno moja tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi alikomwajiri, au amlipe gharama za safari, mkataba unapokoma mahali pengine. Hakikisha mkataba wako umeandika kwamba uliajiriwa wapi. Nimeona watu wakisaini "Dodoma" kwa haraka wakati usaili na makubaliano vyote vilifanyika Mwanza.

Kwa hiyo kijana wangu aliyeuliza nilimjibu kwa swali: mtahama lini wote? Kama jibu lina tarehe, hata ya mwaka ujao, basi aende, na gharama za miezi hiyo azihesabu kama mtaji. Kama halina, arudi kwenye zile 300,000 akae nazo usiku mmoja pamoja na mkewe, si peke yake. Na kabla ya kumlipa dalali yeyote, alale Dodoma Jumapili. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi asimame kituoni karibu na nyumba anayooneshwa, apande daladala mpaka Mtumba, atazame saa. Kazi huanza saa 1:30. Akifika saa mbili na robo, amwambie dalali amtafutie nyumba nyingine.