Mgeni wa Krismasi Tandahimba naye aokote korosho

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, mabasi ya kusini hujaa watu wa Dar es Salaam wanaokwenda kula Krismasi na Mwaka Mpya kwa bibi, kwa mjomba au kwa shangazi huko Masasi, Newala na Tandahimba. Safari hii si ya Wakristo peke yao. Tangu wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipoweka makao Masasi mwaka 1876, dini zimechanganyika katika koo nyingi za huko, na pilau ya Krismasi huliwa na ndugu Waislamu kama ile ya Idi inavyoliwa na ndugu Wakristo. Desturi hiyo ni njema na haifai kufa. Lakini ina kasoro moja tunayoionea haya kuisema: mgeni huja na likizo yake akidhani mwenyeji naye amepumzika. Kwa mkulima wa korosho, Desemba ni mwezi wa kazi nyingi na fedha zisizotabirika, na mgeni asiyelitambua hilo humwachia ndugu yake deni badala ya furaha.

Msimu wa korosho huanza Oktoba na mara nyingi huvuka mwaka. Korosho bora haiangushwi kwa fimbo. Husubiriwa ikomae na kudondoka yenyewe, kisha huokotwa moja moja chini ya mkorosho, mgongo umeinama. Hapo huondolewa kwenye bibo, yaani tunda lake, huanikwa juani siku mbili tatu, huchambuliwa kutenga mbovu na changa, ndipo hujazwa kwenye magunia kupelekwa ghala la chama cha msingi. Mvua za Desemba zikikuta korosho imeanikwa na hakuna wa kuianua, hulowa, hubadilika rangi na kushuka hadi daraja la pili. Mvua hizohizo ndizo za kupandia mahindi, kwa hiyo mikono inayotakiwa uwanjani inatakiwa pia shambani. Katika nyumba ya namna hiyo, wageni wanane wanaosubiri chai, maji ya kuoga na chakula cha mchana wanamwondoa mama mwenye nyumba kwenye kazi inayowalisha wote mwaka mzima. Na maji yenyewe ni ya shida. Juu ya uwanda wa Makonde, zilipo Newala na Tandahimba, udongo wa kichanga huyanywa yote, chemchemi ziko mabondeni, na ingawa Mradi wa Maji Makonde ulianza tangu miaka ya 1950, bado zipo kaya zinazonunua maji kwa ndoo.

Watu wa mjini hujibu kwamba Desemba ndio mwezi wa fedha za korosho, kwa hiyo mwenyeji anajiweza. Wanasahau jinsi fedha hizo zinavyopatikana. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hukabidhi mzigo kwa chama cha msingi (AMCOS), husubiri mnada, kisha husubiri mnunuzi alipe ndipo benki imwingizie kilichobaki baada ya makato. Mfumo huu umemwinua mkulima, ila kalenda yake haiangalii sikukuu. Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei isiyofika shilingi 3,000 kwa kilo, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho yote kwa shilingi 3,300 na jeshi lingeisomba. Uhakiki wa wakulima ukachukua muda, na wengi wakaingia mwaka 2019 bila kulipwa. Hata katika mwaka wa kawaida, mwenye magunia ghalani anaweza kukosa hela ya mchele tarehe 24. Hapo ndipo kangomba, mlanguzi anayenunua kwa bei ya kutupa na kulipa papo hapo, anapopata mlango. Sheria inamkataza, lakini aibu ya kuwalaza wageni njaa ina nguvu kuliko tangazo la mkuu wa wilaya.

Wapo watakaosema kuhesabu gharama kati ya ndugu ni uzungu, na kwamba mgeni haji mikono mitupu. Zawadi ni kweli huletwa: khanga za bibi, sukari, pengine redio. Lakini khanga haipikwi, na sukari kilo tano hazilishi watu wanane siku kumi. Tena wahenga hawakuona aibu kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine watauliza kama si afadhali kwenda Juni. Juni nayo ina kupulizia salfa mikorosho, na waajiriwa wengi hawapati likizo pamoja na watoto wao isipokuwa mwisho wa mwaka. Hoja yenye uzito zaidi ni ya yule aliyefanya kazi miezi kumi na moja na anataka kupumzika. Ana haki hiyo, ila pumziko lake halipaswi kulipiwa na ndugu mwenye kipato kidogo kuliko chake.

Kinachotakiwa hakihitaji kikao cha ukoo. Wanaosafiri wakubaliane mapema nani anakwenda na kwa siku ngapi, na mchango wa chakula na maji utumwe kwa simu wiki moja kabla, ili mwenyeji anunue bila kukopa wala kumtafuta kangomba. Wakifika, asubuhi iwe ya kuokota na kuanika, na jioni iwe ya sikukuu. Watoto wa mjini wataweza kuchambua na kuanua wakiwa na bibi yao. Kubangua wawaachie wenye ujuzi, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi. Mwenyeji naye aache kuficha hali yake na aseme wazi kama malipo hayajaingia. Undugu unaonyamazia mambo haya ndio unaowafanya wengine waanze kuiogopa Desemba, na mwenyeji akishaiogopa, mwaliko wa mwaka ujao hautakuja.