Gari limepita ukaguzi, lakini nyumba je?

Haya wasomaji, leo tuziache simu na programu kidogo tuingie gereji. Usikimbie, tarakilishi ziko humo humo.

Mjomba wangu anaishi Leicester, Uingereza, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Juzi amestaafu, na yeye na mkewe wanataka kununua motahomu, yaani lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, wazunguke Scotland polepole. Akanitumia tangazo kwa WhatsApp: "Wewe ndiwe mtu wa kompyuta, hebu niangalizie." Gari ni la mwaka 2006, limejengwa juu ya Fiat Ducato, na muuzaji amejigamba kwa herufi kubwa: MOT MPYA, HALINA KOSA HATA MOJA.

Mjomba, shikamoo, lakini msimamo wangu ni huu: cheti hicho peke yake kisikutoe pesa za uzeeni mfukoni.

MOT ni ukaguzi wa magari wa kila mwaka ulioanza Uingereza mwaka 1960. Kule England, Scotland na Wales motahomu huanza kukaguliwa ikifikisha miaka 3. Mkaguzi huangalia breki, taa, usukani, matairi, mikanda, waipa, moshi, na kutu kwenye sehemu zinazobeba gari. Hafungui kitu kwa spana. Hali ya injini, klachi na giaboksi haimo kabisa.

Wenzetu wana kitu kimoja ambacho mimi nakionea wivu. Unaandika namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, bure, na unaona kila ukaguzi: tarehe, maili, kupita au kufeli, na sababu. Hapa Nairobi matatu nayo hukaguliwa kila mwaka, ila mimi abiria sina pa kuandika namba yake nikaona breki zilikutwaje mwaka jana.

Basi nikaandika namba ya hilo gari, nikaanza kusoma kama ninavyosoma logi za seva, kutoka chini kwenda juu. Mwanzo ni taa tu, mambo madogo. Kisha likafeli kwa breki ya mkono isiyoshika upande mmoja. Kisha, miaka minne mfululizo, tahadhari ile ile: kutu kwenye springi za nyuma na kwenye mabomba ya breki. Tahadhari haizuii gari kupita, ni onyo tu. Halafu mwaka huu: safi! Hakuna hata neno moja.

Jamani, kutu haiponi kama mafua. Ama mtu alibadilisha mabomba na springi, na kama ni hivyo risiti ipo, ama mtu alipaka ile dawa nyeusi ya chini ya gari juu ya kila kitu, na mkaguzi, ambaye haruhusiwi kukwangua-kwangua apendavyo, akaandika alichokiona. Muuzaji hakudanganya kuhusu cheti. Mimi ningeuliza risiti.

Mjomba akanipinga: "Lakini maili ni chache sana, gari halijatembea!" Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwa motahomu, kutotembea ndiyo maradhi yenyewe. Gari linasimama uani miezi minane kwenye mvua. Diski za breki zinashika kutu, nyaya za breki ya mkono zinakwama, raba za waipa zinakauka, betri inakufa. Matairi yanabaki na meno mazuri kabisa, huku ubavuni yanapasuka-pasuka kwa jua na uzee. Mipasuko midogo huandikwa tahadhari tu. Ukitaka umri wa tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1415 maana yake lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2015. Dakika moja, na huhitaji fundi.

Sasa upande wetu sisi waandika programu. Wakala wa serikali ya Uingereza unaosimamia MOT, yaani DVSA, hutoa matokeo ya kaguzi zote kama data huria, bila namba za magari. Mtu anaipakua, anahesabu, anatangaza kwamba modeli fulani ndiyo mbovu kuliko zote. Taratibu! Kwenye jedwali hilo motahomu hii imeandikwa FIAT DUCATO, sawasawa na gari la kusambaza mizigo linalokimbia mchana kutwa. Umechanganya mzee aliyestaafu na kijana wa bodaboda kwenye wastani mmoja. Kuna mwanya kidogo: motahomu hukaguliwa kama daraja la 4 hata ikiwa nzito, ilhali gari la mizigo la zaidi ya kilo 3,000 hadi 3,500 huwekwa daraja la 7. Ukichuja Ducato za daraja la 4 zenye maili chache, unakaribia. Unakaribia tu, kwa sababu zipo Ducato nyepesi za mizigo ambazo nazo ni daraja la 4.

Na hata ukichuja vizuri namna gani, nyumba yenyewe haimo kwenye data. MOT haigusi jiko la gesi, bomba lake, friji, wala maji yanayopenya kwenye maungio ya paa na kuozesha mbao taratibu ndani ya ukuta. Ni kama programu iliyopita majaribio yote kwa sababu sehemu mbovu hakuna aliyeiandikia jaribio. Kule kuna mafundi wanaokagua sehemu ya kuishi peke yake, kwa malipo mengine, na sheria haimlazimishi mwenye gari kuwaita. Kwangu mimi, kati ya vyeti viwili, cha gesi na unyevu ndicho ningekidai kwanza. Breki mbovu utaisikia mguuni. Moshi wa jiko lenye hitilafu, wewe umelala, hutausikia.

Nilimwandikia mjomba maswali matatu ampelekee muuzaji: risiti ya springi, umri wa matairi, na lini mara ya mwisho gesi ilikaguliwa. Matairi amejibiwa, ni ya 2012. Yale mengine mawili kimya hadi leo. Mjomba ameshanitumia namba ya gari lingine.