MGONJWA NA AULIZWE

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Msemo huo wafaa jikoni kwa mama, lakini baadhi ya madaktari wameuchukua wakaupeleka penye kisu. Hapo twasema: hapana.

Tazameni yaliyotokea Namibia, nchi iliyopata uhuru wake mwaka 1990 baada ya vita virefu vya ukombozi. Kati ya mwaka 2005 na 2007, wanawake watatu wenye virusi vya ukimwi walikwenda kujifungua katika hospitali za serikali. Walipasuliwa ili watoto watolewe, na papo hapo wakafungwa kizazi. Serikali iliposhitakiwa ilitoa karatasi zenye sahihi zao. Je, sahihi hizo zilitiwa wakati gani? Mama yu katika uchungu wa kuzaa, naye apewa karatasi yenye maneno ya kidaktari asiyoyaelewa!

Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 2012. Serikali ikakata rufani, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikasema vile vile: ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Dai la kwamba walibaguliwa kwa ajili ya ugonjwa wao halikuthibitika. Lakini kwamba hawakuridhia kwa hiari na kwa kuelewa, hilo lilithibitika.

Hatusemi daktari asishawishi. Daktari aonaye hatari akanyamaza hafai. Na ashauri, na aonye, hata mara tatu. Lakini ashauri mapema, kabla ya uchungu, kwa lugha aijuayo mgonjwa. Aeleze faida na hasara, na njia nyingine zilizopo. Kisha ampe nafasi ya kusema "sitaki" bila ya kutishwa wala kunyimwa matibabu. Pasipo nafasi hiyo, ushauri wake ni amri tu, hata akiusema kwa upole.

Na amri za upole twazijua. Mkoloni naye alidai kuwa atuamulia kwa faida yetu, kwa kuwa yeye amesoma na sisi hatukusoma. Hatukumwondoa ili neno lake lirithiwe na ndugu zetu wenye makoti meupe. Elimu ya daktari imelipiwa na umma. Na iutumikie umma.

Basi wananchi, mpewapo karatasi hospitalini, ulizeni kabla ya kutia sahihi. Nanyi madaktari wetu, jibuni. Mtu hauachi uraia wake mlangoni mwa hospitali.