Kura Isiyo Sawa Si Kura: Funzo la Prussia

Mtu aweza kutiwa kura mkononi na bado akanyimwa sauti. Ushahidi ni uchaguzi wa Bunge la Prussia wa Juni 1908.

Prussia ilikuwa dola kubwa kupita zote zilizounda Ujerumani, na mfalme wake ndiye aliyekuwa Kaisari, yule yule ambaye kwa jina lake Tanganyika ilitawaliwa na wapiganaji wa Maji Maji waliuawa kati ya 1905 na 1907. Tangu 1849 wanaume wa Prussia waliotimiza miaka 24 walikuwa na haki ya kupiga kura. Wanawake hawakuhesabiwa kabisa. Lakini wapiga kura hao waligawanywa katika madaraja matatu kwa kipimo cha kodi. Matajiri wachache waliotoa theluthi ya kwanza ya kodi walikuwa daraja la kwanza. Waliofuata, la pili. Umma wote uliobaki, la tatu. Kila daraja lilichagua idadi sawa ya wajumbe, na wajumbe hao ndio waliomchagua mbunge.

Mwaka 1908 daraja la kwanza lilikuwa na takriban asilimia 4 ya wapiga kura, na la tatu asilimia 82. Ndiyo kusema kwamba kura ya bwanyenye mmoja ilikuwa na uzito wa kura 20 za makabwela. Matokeo yake ni kwamba chama cha wafanyakazi, SPD, kilipata karibu robo ya kura zote lakini viti 7 tu kati ya 443. Wahafidhina, chama cha makabaila wenye mashamba, walipata takriban asilimia 14 ya kura na viti zaidi ya 150.

Watetezi wa utaratibu huo walidai kuwa abebaye mzigo mkubwa wa kodi ndiye astahiliye sauti kubwa. Hoja hiyo ilikuwa ya hila. Kodi iliyohesabiwa ni ile ya moja kwa moja tu. Ushuru ambao mfanyakazi aliulipa kila anunuapo mkate haukuhesabiwa, wala jasho lililozalisha utajiri wenyewe.

Hila ya pili ilikuwa kura ya wazi. Mpiga kura alitamka chaguo lake mbele ya msimamizi, na wengine wakisikia. Kibarua alitamka huku akimwogopa mwenye shamba. Mwalimu na mtumishi wa serikali huku wakiwaogopa wakubwa wao. Katika uchaguzi wa Bunge la Ujerumani nzima, ambako kura ilikuwa ya siri na sawa kwa kila mwanamume mpiga kura, SPD hiyo hiyo iliibuka chama kikubwa kuliko vyote mwaka 1912, ikiwa na viti 110.

Bunge lililowanufaisha wenye mali halikukubali kujirekebisha. Jaribio la mwaka 1910 lilishindwa. Madaraja hayo yaliondolewa na mapinduzi ya Novemba 1918, baada ya vita kuu na damu nyingi.

Walimu na watumishi wa umma ndio husimamia vituo vya kura na kuwafundisha vijana maana ya uraia. Hawana budi kukumbuka kuwa usiri na usawa wa kura ndio uhai wa uchaguzi wenyewe. Vikiondoka hivyo, linalobaki ni sanduku tupu.