Betri Mpya Isiwe Mnyororo Mpya

Kwa dereva wa bodaboda siku ya kazi huanza na madeni mawili. La kwanza ni petroli, ambayo haina budi kuwemo katika tangi kabla abiria wa kwanza hajapanda. La pili ni hesabu ya mwenye pikipiki, ambayo hudaiwa jioni, mvua inyeshe au jua liwake. Kinachosalia baada ya madeni hayo ndicho unga wa nyumbani, sare za watoto na kodi ya chumba. Kwa hiyo habari ya pikipiki isiyotumia petroli hata tone, inayokwenda kwa nguvu ya betri ya lithiamu, si habari ya mafundi peke yao. Ni habari inayogusa vyungu vya jikoni katika nyumba nyingi za wanyonge.

Pikipiki hizo si ndoto tena. Mjini Kigali kazi ya kusafirisha abiria kwa pikipiki zenye betri za kubadilisha ilianza mwaka 2019, na tangu Januari 2025 Serikali ya Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kazi hiyo katika mji huo. Kenya iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi saa za usiku. Katika Dar es Salaam pia pikipiki za umeme zimeanza kuonekana barabarani. Swali lililobaki si kama mabadiliko yatafika. Swali ni yatafika kwa masharti ya nani.

Ni haki kwanza kueleza faida yenyewe. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kwa joto linalotoka katika bomba la moshi na katika chuma cha injini. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda hutumia lita 2 au zaidi kwa mwendo wa kilometa 100. Pikipiki ya umeme hutumia uniti 3 hadi 4 kwa mwendo huo huo, na kwa bei za nchini za miaka ya karibuni uniti 4 za umeme zimegharimu chini ya lita 1 ya petroli. Tena mota haina mafuta ya injini ya kubadilishwa, wala plagi, wala kabureta ya kusafishwa.

Betri ya lithiamu ndiyo iliyoyawezesha hayo. Betri ya asidi na madini ya risasi, ambayo kila dereva anaijua kwa kuwashia pikipiki, iligunduliwa mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté, na imefanya kazi ya heshima. Lakini ni nzito mno kwa kazi ya kuendesha chombo. Betri ya namna hiyo yenye kuhifadhi uniti 3 za umeme ingekuwa na uzito wa kilo 80 au zaidi, yaani kama kumbeba abiria wa pili pasipo nauli. Betri ya lithiamu yenye uwezo huo huwa na kilo 20 hadi 30, na mtu mmoja huweza kuichomoa na kuipachika nyingine kwa dakika chache.

Kwa taifa nayo faida ni bayana. Petroli yote inayotumika nchini huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na vita vya mbali vikizuka bei hupanda hapa. Mwaka 2022 Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni ili kupunguza makali ya bei ya mafuta. Umeme, kwa upande wake, huzalishwa nchini. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa Februari 2024. Dereva akitumia maji ya Rufiji badala ya mafuta ya ng'ambo, taifa zima linapata nafuu.

Lakini wahenga walionya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika pikipiki ya umeme betri ndiyo kifaa kilicho ghali kuliko vyote. Kwa sababu hiyo makampuni mengi huuza pikipiki bila betri. Dereva hununua au hukopa pikipiki, kisha hukodi betri, na kila inapoisha hufika kituoni kuibadilisha kwa malipo. Mpango huo una hekima yake. Unashusha bei ya kununulia, na unamwondolea dereva hofu ya betri kuchakaa mikononi mwake.

Hata hivyo, ndani ya mpango huo huo umejificha utegemezi ambao tangi la petroli halikuwa nao. Petroli ni petroli, iwe ya Kariakoo au ya Kibaigwa, na dereva asiyependa kituo kimoja huenda kingine. Betri sivyo. Sanduku la kampuni moja halipachikiki katika pikipiki ya kampuni nyingine. Kampuni ikipandisha malipo, dereva hana pa kukimbilia. Ikifunga vituo vyake, pikipiki hugeuka chuma cha kuegemea ukuta. Zaidi ya hayo, betri nyingi za kukodi zina kifaa cha mawasiliano kinachomwezesha mwenye nazo kujua zilipo na kuzizima akiwa mbali. Zamani mwenye pikipiki alimfuata dereva kijiweni kudai hesabu. Sasa anayedai anaweza kuuzima mkate wa mtu kwa kubonyeza kitufe.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo. Kati ya gharama ya petroli na gharama ya umeme ipo tofauti kubwa ya fedha. Tofauti hiyo ndiyo mali mpya iliyozaliwa na lithiamu. Mwenye betri anastahili sehemu yake, maana ameweka mtaji na anabeba gharama ya uchakavu. Lakini ikiwa malipo ya betri yatapangwa yawe chini kidogo tu ya bei ya petroli, basi dereva atakuwa amebadilisha chombo bila kubadilisha maisha. Atabaki na jasho lake, na mali itakwenda kwingine.

Hatua za kuzuia jambo hilo zinajulikana. Ya kwanza ni uwazi wa bei. Bei kikomo za petroli hutangazwa na EWURA kila mwezi, na mwananchi yeyote anaweza kuzisoma gazetini. Malipo ya kubadilisha betri yanastahili uwazi wa namna hiyo hiyo, yakitajwa kwa uniti ya umeme inayoingia katika pikipiki. Yasitajwe kwa sanduku tu, maana sanduku laweza kuwa limejaa nusu.

Hatua ya pili ni kipimo kimoja. Mwaka 2021 makampuni manne makubwa ya Japani, yaani Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, washindani wa miaka mingi, yalikubaliana juu ya vipimo vya pamoja vya betri za kubadilisha. Ikiwa wakubwa hao wameona faida ya kupatana, hakuna sababu wafanyabiashara wachache wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza washindwe. Shirika la Viwango ndilo mahali pa kuanzia, na afadhali lianze sasa pikipiki zikiwa chache kuliko kungoja zijae barabarani kila moja na plagi yake.

Hatua ya tatu ni mkataba wa maandishi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, unaosema betri itazimwa kwa sababu zipi, baada ya onyo la muda gani, na kama kampuni ikifungwa dereva atapata nini. Vyama vya madereva na vyama vya kuweka na kukopa navyo visikae pembeni. Kituo cha betri ni kabati, chaja na umeme. Si jambo lililo nje ya uwezo wa ushirika wenye uongozi mwaminifu.

Hatua ya nne inahusu mafundi na afya. Fundi wa chini ya mwembe anayeijua kabureta kwa kuisikiliza hana budi kufundishwa betri hizi, kwa maana betri ya lithiamu ikipasuliwa ovyo, ikichajiwa kwa chaja isiyo yake au ikiingiliwa na maji huweza kuwaka moto mkali. Na betri iliyochoka isitupwe jalalani. Afrika Mashariki imekwisha kupata funzo chungu kutokana na betri za risasi. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na hukumu ya rufani ya mwisho haikutoka mpaka Desemba 2024. Fidia haimrudishii mtoto akili iliyoharibiwa na risasi. Anayeingiza betri nchini na awajibike kuzipokea zikichakaa, ziwe za risasi au za lithiamu.

Hakuna anayepaswa kuyaogopa mabadiliko haya. Pikipiki isiyo na moshi ni neema kwa mapafu ya mji, na umeme wa nyumbani ni bora kuliko mafuta ya kukopa. Lakini neema haijigawi yenyewe kwa haki. Dereva na aulize kabla ya kutia saini: betri ni ya nani, bei hupangwa na nani, na itakuwaje kampuni ikiondoka. Na wenye dhamana ya kusimamia wajibu maswali hayo kwa kanuni. Aliyejikomboa kutoka kwenye tangi la petroli asiamke siku moja akijikuta amefungwa katika kabati la betri.