Mvinyo mkongwe ni burudani, si dawa ya moyo

KUNA imani miongoni mwa watu wengi kwamba mvinyo mwekundu wa Ufaransa, hasa uliokaa chupani miaka mingi, ni dawa ya moyo. Kama daktari naipinga imani hiyo, ingawa siukani utamu wa kinywaji chenyewe.

Imani hii ilivuma zaidi baada ya 1992, mtafiti Mfaransa Serge Renaud na mwenzake walipoandika katika jarida la Lancet kwamba huenda mvinyo ndio uliowakinga Wafaransa na maradhi ya moyo, licha ya kula mafuta mengi ya wanyama. Utafiti wa baadaye umeitilia shaka kinga hiyo. Aidha, tangu 1988 vileo vimeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kuwa visababishi vya maradhi hayo.

Je, uzee hubadilisha nini? Mvinyo bora wa Bordeaux ukikaa miaka 20 au 30, chembechembe za rangi na tanini, zile zinazokausha ulimi, hushikana na kutuama kama mashapo. Ukali hupungua, na harufu ya matunda mabichi huanza kukaribia ya tumbaku na ngozi. Kileo, hata hivyo, hakipungui. Hushuka kooni kwa urahisi tu, na hapo ndipo penye hatari.

Anayeuandaa ausimamishe kwa siku nzima ili mashapo yatulie. Aumimine polepole huku mwanga ukimulika shingo ya chupa, na aache mara mashapo yanapofika hapo. Joto la nyuzi 16 hadi 18 linatosha. Unywewe pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu.

Glasi ya mililita 100 ina takriban gramu 10 za kileo. Chupa ina glasi saba na nusu. Tangu 2017, wataalamu wa afya Ufaransa wenyewe hushauri zisizidi 2 kwa siku wala 10 kwa wiki, tena si kila siku. Basi chupa hiyo ni ya watu sita, si wawili.

Mjamzito, dereva na anayetumia dawa za usingizi wasiuguse. Mwenye shinikizo la damu asiache tembe zake kwa kutumaini glasi ya jioni. Na asiyekunywa asianze.